Kawia, Lakini Ukawie Wapi?

Kwenye Barabara ya Mombasa, kati ya Salama na Mtito Andei, "Kawia ufike" imeandikwa nyuma ya malori mengi hivi kwamba hakuna anayeisoma tena. Wakati mwingine lori lililoibeba mgongoni ndilo linalolipita jingine kwenye kona. Ofisini methali hiyo hiyo imekuwa udhuru wa faili lisilosogea. Kwenye miradi ya umma ni pole wanayopewa wananchi: Bwawa la Thwake, mpakani mwa Makueni na Kitui, lilianza kujengwa mwaka 2018, tarehe ya kukamilika imesogezwa zaidi ya mara moja, na hakosekani wa kuwaambia wanaosubiri maji kwamba kawia ufike.

Sasa imewafikia waendesha baiskeli wa ridhaa, wale ambao Jumatatu hadi Ijumaa wako kazini na Jumamosi wanataka kukanyaga kilomita 200. Kuna mmoja katika kila kundi. Mazoezi aliyakwepa mwezi mzima, siku ya safari usingizi ukamshinda, wenzake wakaondoka alfajiri, naye anatokea jua limeshapanda, anapachika chupa za maji huku akicheka: "Kawia ufike, ndugu zangu!" Wenzake nao hucheka. Hawangepaswa kucheka.

Maana hata kama methali hii iliwapitia wengine kando, kwa watu wa baiskeli za masafa marefu imeandikwa ndani ya kanuni za mchezo wao. Mashindano ya Paris–Brest–Paris yalianza mwaka 1891, na Charles Terront akayashinda kwa kukanyaga saa 71 na ushei. Siku hizi safari hiyo ya takriban kilomita 1,200 hufanywa kila baada ya miaka minne na watu wa ridhaa, na haitoi nafasi ya kwanza wala ya mwisho. Inatoa muda wa kufunga mlango: saa 90 kwa wengi wao. Safari fupi zinazomwandaa mtu zina milango yake pia. Kilomita 200 ni saa 13 na nusu, 300 ni saa 20, 400 ni saa 27, 600 ni saa 40. Anayemaliza kilomita 200 kwa saa 8 na anayemaliza kwa saa 13 wanaandikwa sawasawa. Anayetia mguu baada ya saa 13 na nusu hahesabiwi kuwa amefika.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni wa mchezo huu huliona kama kichekesho. Vituo vya njiani vya kupigia muhuri karatasi ya msafiri vina saa ya kufunguliwa vilevile. Mwenye mbio kupita kiasi anaweza kukuta kituo bado hakijafunguliwa, akakaa chini amngojee karani. Kwa hiyo mwendo una kikomo huku na huku, na kukawia kunaruhusiwa katikati ya vikomo hivyo viwili, si nje yake.

Hapo ndipo ubishi ulipo. Wengi huielewa methali kana kwamba inasifu upole wa mwendo, au inawasamehe wachelewaji. Mwandishi wa makala haya anashikilia kwamba haimsemeshi kabisa mtu ambaye bado yuko kitandani. Inamsemesha aliyekwisha kuingia njiani. Aliye nyumbani ana methali yake, na ni kali: chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Wazee hawakujichanganya walipotuachia zote mbili. Moja inamtoa mtu nyumbani, nyingine inamlinda barabarani, na anayeitumia ya pili kuikimbia ya kwanza ameiba.

Barabara ya lami kutoka Kitui hadi Kibwezi inaufundisha ukweli huu bila huruma. Mji wa Kitui uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo njia inaelekea kusini kupitia Ikanga, Mutomo na Ikutha, na kwa jumla inashuka kuelekea Mto Athi, ingawa hapa na pale inapanda vilima vya kuchokoza na baadaye kukutana na uwanda wa Yatta. Saa za asubuhi kuna ubaridi, miguu ni mipya, mteremko unasukuma. Kila kitu kinamwambia mtu akimbie. Kisha anavuka Athi, jua liko utosini, na kutoka mtoni hadi Kibwezi ni kupanda. Aliyejimaliza kwenye ubaridi analipia hapo.

Na malipo yenyewe si ya kubahatisha. Kwenye barabara tambarare adui mkubwa wa mwendesha baiskeli ni upepo anaoutengeneza mwenyewe, na nguvu za kuupasua huongezeka kwa mchemraba wa kasi. Kutoka kilomita 25 kwa saa hadi 30, upepo peke yake unadai nguvu zaidi kwa asilimia 70 hivi. Katika kilomita 200 faida ni saa 1 na dakika 20. Huenda mtu akaona biashara hiyo inalipa, mpaka akumbuke kwamba sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini humtosha mtu anayejikaza saa mbili hivi tu, isipoongezewa chakula. Anayekanyaga pole huchoma mafuta ya mwili kwa sehemu kubwa zaidi, na tumbo lake linapata nafasi ya kusaga ndizi na chapati anazokula njiani. Ndiyo maana wakongwe huanza safari kana kwamba hawajaamka vizuri.

Lakini hebu tumtazame huyo mkongwe kwa makini, kwa sababu ndiye anayekawia kihalali. Ameondoka Kitui saa kumi na moja alfajiri, taa ikiwaka. Akifika Mutomo ana saa za ziada kama mkulima mwenye ndengu ghalani: anaweza kukaa kivulini, kunywa chai, kula muthokoi, kutia chumvi kidogo kwenye maji, kuliacha jua lipungue. Yule wa kuanza saa mbili asubuhi hana anachoweza kukitumia. Kila dakika ya kivuli anaikopa. Kwa hiyo anapita Mutomo bila kusimama, maji yakiwa nusu chupa, na ajabu ni kwamba huyu aliyejiita mkawiaji ndiye mwenye haraka kuliko wote barabarani.

Simu nazo zimeongeza balaa. Kasi ya wastani inaonyeshwa kwenye kioo kidogo cha usukani, kisha inatangazwa kwa marafiki kabla jasho halijakauka, na hakuna anayetaka kuonekana alisimama. Watu wananunua magurudumu ya bei ya ng'ombe ili wapunguze gramu chache, ilhali hawajawahi kukanyaga Jumamosi nne mfululizo. Wangewaangalia wanaobeba mitungi ya maji kwa baiskeli za Black Mamba katika vijiji vya Ukambani. Baiskeli haina gia, mzigo ni mkubwa kuliko mbebaji, na kwenye mlima mtu anashuka na kusukuma bila kumwonea yeyote haya. Anayetafuta maana ya kukawia asiitafute kwenye kioo cha usukani.

Bado kuna neno la kufika, na hapa mwandishi anatofautiana hata na watu wa kanuni. Kufika wapi? Karatasi ya muhuri inasema kituo cha mwisho. Methali ni pana zaidi, inataka mtu aonekane tena nyumbani. Anayeona kizunguzungu Ikutha, ameacha kutoka jasho na ngozi inawaka, akaendelea kwa sababu "lazima afike", amelitukuza neno moja mpaka akalisaliti. Anayefunga baiskeli juu ya matatu hapo hapo hajaivunja methali. Waandaaji wa safari hizi huandika tu kwamba hakumaliza, bila adhabu.

Wenye bahati wanaofika Kibwezi na kuendelea hadi Makindu hulikuta hekalu la Kalasinga lililojengwa mwaka 1926 na watu wa reli, ambako msafiri wa dini yoyote hupewa chakula bila malipo. Pale haulizwi alitumia saa ngapi. Anaambiwa avue viatu, afunike kichwa na akae chini pamoja na wengine. Aliyeishia Ikutha naye ana Jumamosi nyingine, na sharti moja analoweza kujiwekea leo usiku ni kuiweka kengele ya saa kumi.