Ghala Tupu na Moyo wa Mtu



Katika maji ya bomba mara nyingine twasikia harufu ya dawa. Dawa hiyo ni klorini, nayo huua vijidudu na kuwakinga watoto wetu na maradhi. Lakini tarehe 22 Aprili 1915, karibu na Ypres nchini Ubelgiji, jeshi la Ujerumani lilifungua mitungi ya klorini hiyo hiyo. Upepo ukaipeleka katika mahandaki ya adui, na watu wakafa kwa kukosa pumzi.

Mwaka 1925, huko Geneva, mataifa yalipatana kwamba sumu isitumike vitani. Lakini hayakukatazwa kuitengeneza wala kuiweka akiba. Basi Italia, ambayo nayo ilikuwa imetia sahihi, iliwamwagia Wahabeshi sumu kutoka angani katika vita vya 1935–36. Na mwaka 1988 maelfu ya Wakurdi waliuawa kwa sumu mjini Halabja, nchini Irak.

Ndipo yakaja mapatano mapya, yenye nguvu tangu 29 Aprili 1997. Haya yakataza hata kutengeneza na kuweka akiba, na wakaguzi kutoka The Hague huingia viwandani kutazama. Mataifa 193 yamo, zikiwamo Tanzania na Kenya, na Kiti Kitakatifu pia. Julai 2023 Marekani iliangamiza mabaki ya akiba yake, na hiyo ndiyo iliyokuwa akiba ya mwisho iliyotangazwa. Jumla ya sumu iliyoangamizwa duniani yapita tani 72,000. Tumshukuru Mungu.

Je, sasa tulale? La, hasha! Syria ilijiunga mwaka 2013. Hata hivyo wakaguzi waliona sababu za kutosha kuamini kwamba helikopta ya jeshi lake iliangusha mitungi ya klorini mjini Douma mwaka 2018. Watu 43 walikufa. Ghala hubomolewa, bali ujuzi haubomolewi, wala klorini haiwezi kuondolewa duniani, maana twaihitaji.

Kwa hiyo ukaguzi hauna budi kuendelea, na serikali zetu zitoe mchango wao bila kuchoka. Lakini mkaguzi hafiki moyoni mwa mtu. Huko hufika mzazi na mwalimu. Kaini hakuwa na gesi. Alikuwa na chuki tu, nayo ilimtosha. Enyi wazazi, mtoto wenu akisoma kemia, furahini. Lakini afundishwe mapema kwamba jirani yake ni ndugu yake, na kwamba hakuna amri ya mkubwa yeyote iwezayo kuhalalisha kumwua asiye na hatia. Mungu atujalie amani.