Akiba Haiozi, Lakini Nani Anayo?

Jean de La Fontaine aliufungua mkusanyo wake wa hekaya wa 1668 kwa nyenje aliyeimba majira yote ya joto, kisha baridi ikamfikisha kwa sisimizi kuomba chakula. Sisimizi akamwambia akacheze. Tangu hapo tunaambiwa: asiyejiandaa mapema asilalamike. Ni haki kweli?

Tuchukue kuni, kule Vermont au Maine. Kuni mbichi huhitaji miezi sita hadi mwaka kukauka. Ukizichoma kabla, moto unahangaika na maji: moshi tele, joto kiduchu. Basi mwenye busara hununua Aprili. Sawa, lakini Aprili nayo ina kodi ya nyumba. Anayesubiri Desemba na kununua kidogo kidogo hulipa zaidi kwa joto lilelile. Huyo si mvivu jamani. Kuwahi nako kunataka pesa.

Yapo yasiyohitaji pesa nyingi: kubandika plastiki madirishani, kulaza tambara chini ya mlango, familia nzima kukaa chumba kimoja. Anayeweza hayo akayapuuza, mlaumu. Lawama ianzie pale uwezo unapoanzia.

Halafu Jean-Henri Fabre, Mfaransa aliyechunguza wadudu, alieleza kwamba nyenje hafiki hata hiyo baridi. Tena sisimizi ndio humvamia wakinyang'anya utomvu alioutoboa mtini. Kwa hiyo kabla ya kumcheka aliyekutwa na baridi, tuulize: Aprili alikuwa na nini mfukoni, na nani alikunywa jasho lake?