Amana ya Dimbwi

Masika yanapokatika na kusi kuanza kuvuma, katika mabonde ya mpunga ya Unguja hubaki madimbwi ya maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Ng'ombe hunywa humo, watoto hupita kando yake wakienda chuoni, na ni nadra mtu kusimama kuyatazama. Humo huishi samaki mdogo ambaye dume lake halizidi urefu wa kidole, magamba yake ya samawati na kijani yamezungushiwa wekundu, na mkia wake ni mwekundu wenye ukingo mweusi. Jike ni la rangi ya udongo, kana kwamba uzuri wote ulikwisha kugawiwa kabla hajafika.

Samaki huyu ni wa msimu. Dimbwi likikauka hufa wote, yakabaki mayai waliyoyafukia topeni. Tope hupasuka kwa jua na kukanyagwa na kwato, na mayai hungoja. Mvua irudipo huanguliwa, na baada ya wiki chache vitoto vimekuwa wazazi. Wala si mayai yote huamka kwa mvua ya kwanza. Mengine huendelea kulala, kwani mvua ya kwanza huweza kuwa ya uongo, na ukoo usiobakiza akiba hupotea kwa siku moja ya jua kali.

Kwa miaka mingi wako watu wanaosafiri kutoka Ulaya na Marekani kuja pwani ya Afrika ya Mashariki kwa ajili ya madimbwi haya tu. Wengi wao si wataalamu, bali ni watu wenye kazi nyingine ambao jioni hukaa mbele ya matangi ya kioo majumbani mwao. Wafikapo hukodi gari, husimama penye makalavati ya barabara, huvua viatu na kuingia matopeni na wavu mdogo wenye mpini. Hupima joto la maji, huandika mahali na tarehe, huchagua samaki wachache na kuwatia mifukoni. Warudipo kwao huwatagisha juu ya mboji. Mboji hiyo ikiwa na unyevu kidogo hutiwa katika mfuko na kupelekwa kwa posta toka mji hadi mji, na aipokeaye, wakati ukifika, huimwagia maji tu. Ndivyo samaki wa Unguja anavyozaliwa katika nyumba za watu ambao hawajapata kuiona Unguja.

Hapa ndipo swali linapozuka, nalo si la samaki peke yake. Je, akipendaye kitu ana haki ya kukichukua?

Jawabu la haraka ni kwamba huo ni wizi, na historia ya pwani hulitia nguvu. Aliyemwandika samaki huyu kwa mara ya kwanza katika elimu ya viumbe alikuwa Georg Pfeffer wa Hamburg, mwaka 1893, akitumia samaki waliokusanywa na Franz Stuhlmann mwaka 1888 na 1889, zama ambazo si samaki peke yao waliochukuliwa. Jina alilompa, ambalo leo husomwa Nothobranchius guentheri, ni la kumheshimu Albert Günther, bingwa wa samaki katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Ndugu yake wa kisiwa cha Mafia, aliyepewa jina mwaka 1973, huitwa korthausae, na wa Rufiji, wa mwaka 1982, huitwa eggersi, yote mawili yakiwa majina ya wapenzi wa samaki kutoka Ujerumani. Ni kweli yuko pia anayeitwa kilomberoensis, kwa jina la Kilombero, lakini majina ya watu katika orodha hii aghalabu ni ya wageni. Ampaye mtoto jina hudai kuwa mzazi.

Wenye nyavu nao wana utetezi wao. Husema kwamba dimbwi lenyewe litakauka na samaki wote watakufa, basi kuchukua wachache ni hasara gani? Kwa hesabu wamesema kweli, maana ukoo wa samaki huyu umo katika mayai yaliyo topeni. Lakini hoja hiyo, ijapokuwa kweli, haimpi mtu ruhusa. Embe linalokaribia kuoza mtini bado lina mwenyewe, na apitaye njia hubisha hodi kabla ya kulichuma. Mataifa yalilitambua jambo hili katika mkataba wa viumbe hai wa mwaka 1992, uliokiri kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya viumbe vyake, na katika itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inayotaka mtafiti wa viumbe aombe idhini na agawane manufaa na wenyeji.

Jawabu la pili humwita mkusanyaji mwokozi, nalo halikosi ushahidi. Katika mto Teuchitlán, magharibi mwa Meksiko, aliishi samaki mdogo aitwaye Zoogoneticus tequila, ambaye alitoweka katika maji yake ya asili. Hakubaki ila katika matangi ya wapenzi wa samaki na ya mabustani ya wanyama. Mwaka 1998 majozi matano yalipelekwa kutoka Ulaya hadi chuo kikuu cha Michoacán, wakalelewa na kuzaana kwa miaka, na mwaka 2021 ilitangazwa kwamba samaki yule anaishi tena katika mto wake. Lau wasingalikuwapo watu waliompenda hata wakamweka vyumbani mwao, pasingebaki cha kurudishwa.

Mfano mwingine ni wa ukoo uleule wa samaki wa Unguja. Nothobranchius furzeri alipatikana Gonarezhou, kusini-mashariki mwa Zimbabwe, na mwaka 1971 akapewa jina la Richard Furzer, mpenzi wa samaki aliyemkusanya. Watu walimlea majumbani kizazi baada ya kizazi. Kisha mwaka 2003 watafiti wakaonyesha kwamba samaki hawa waliolelewa huzeeka na kufa katika miezi 3 hivi, na tangu hapo wamekuwa nyenzo kubwa ya kuuchunguza uzee. Mwaka 2015 ilichapishwa ramani ya urithi wao mzima. Basi mfuko wa maji uliobebwa na mtu mmoja umekuwa elimu ya walimwengu. Lakini waishio kando ya madimbwi yale, ni wangapi walioambiwa kwamba habari hiyo ilianzia kwao?

Wapenzi wa mashairi watakumbuka jambo linalofanana na hili. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, zingepotea nyingi kama Mwalimu Sikujua asingalizihifadhi na kumsaidia kasisi Mwingereza W. E. Taylor kuzikusanya. Karatasi zile zilikwenda London, na mwaka 1940 W. Hichens akazitoa kitabuni. Leo mjukuu wa Mombasa humsoma Muyaka kwa sababu karatasi zilisafiri. Naam, shairi likinakiliwa haliwatoki wenyewe, ilhali samaki aliyetiwa mfukoni hayumo tena dimbwini. Hata hivyo, linalosafiri kwa hakika ni uzao, na uzao, kama shairi, huweza kuwa huku na kule kwa pamoja. Lililo muhimu katika kisa cha Muyaka ni kwamba palikuwa na Sikujua, mtu wa pale aliyejua kinachokusanywa, na palikuwa na njia ya kurudi.

Basi kati ya wizi na wokozi liko neno la tatu, ambalo watu wa pwani wanalo tangu zamani, nalo ni amana. Mwenye amana hakatazwi kuipenda wala kuitunza katika nyumba yake. Anakatazwa kuihesabu kuwa milki yake. Na amana ina masharti.

La kwanza ni daftari, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Wakusanyaji walio makini hushika sharti hili kwa ukali wa kustaajabisha. Kila kundi la samaki hubeba jina la mahali, mwaka na namba ya safari, na samaki wa dimbwi moja hawachanganywi na wa jingine hata wakifanana kama mapacha. Ni sanad, mfano wa ile ya wanazuoni: huyu kapokea kwa yule, na yule kwa fulani, hadi dimbwini. Samaki aliyekatikiwa na sanad yake huweza kuwa mzuri machoni, lakini hawezi tena kurudishwa, maana hajulikani ni wa wapi.

La pili ni kwamba mwenye mali ajue kuwa mali yake imewekwa. Amana isiyojulikana na mwenyewe haina tofauti na kitu kilichofichwa. Hapa ndipo wasafiri wengi walipokosea, na kosa lao halikuwa wavu bali kimya. Walipima maji, wakapiga picha, wakaandika majarida ya kusomwa na wenzao, na mwalimu wa skuli iliyo hatua mia kutoka dimbwini hakuambiwa neno.

La tatu huwahusu wenyeji, nalo ndilo zito. Amana hurudishwa nyumbani, na nyumbani lazima pawepo. Bonde likifukiwa kwa kifusi ili pajengwe, au likimiminiwa dawa za kuua wadudu, mayai yaliyongoja kiangazi kizima hayataiona mvua. Siku hiyo samaki wa Unguja atakuwa hai katika vioo vya ugenini, mwenye chakula na mwanga wa taa, na hatakuwa na Unguja. Itasemwa ameokoka. Lakini aliyeokoka ni umbo na rangi. Ule uhusiano wake na mvua, tope, kwato na kusi hauingii mfukoni. Na mwenyeji aliyelifukia dimbwi hatakuwa na kinywa cha kumlaumu mgeni aliyechota humo.

Kumwita mgeni mwizi ni rahisi kuliko kuinama na kutazama majini. Pengine haki ya kwanza ya samaki huyu si kurudishwa wala kuombewa idhini, bali ni kujulikana pale alipo. Msimu ujao madimbwi yatajaa tena, na huenda mgeni mwenye wavu akasimama kando ya njia. Watoto watamzunguka na kumwuliza kama samaki wale wanaliwa. Atajibu kwamba hawaliwi. Watauliza basi anawatakia nini, na hilo ni swali ambalo atawajibika kulijibu kwa ukamilifu, kwa lugha wanayoielewa, kabla hajaufunga mfuko.