Shahidi wa Umbo

Mtu mmoja wa hapa Suma alituuliza, "Je, si uongo kunena habari za nchi ambayo hapana mtu aliyeikanyaga?" Alikuwa amesikia kwamba wenye elimu wasema mito ilipita zamani katika sayari ya Mirihi, akacheka. Lakini swali lake si la kuchekwa, maana asemaye asiloliona yu karibu na kushuhudia uongo.

Katika nchi yetu ya Rungwe yako mashimo makubwa ya mviringo yenye maji, kama Masoko, na Ngozi kule milimani. Mgeni akiambiwa kwamba yalichimbwa na mawe yaliyoanguka toka mbinguni, huenda akasadiki, kwa kuwa umbo lakubali. Lakini kando ya Masoko yako majivu na vipande vya mawe vilivyorushwa zamani, mawe ya moto yalipokutana na maji chini ya ardhi. Na kule Mbozi liko jiwe la chuma, lakadiriwa kuwa tani 16, ambalo hakika lilitoka mbinguni. Wala mahali pake hapana shimo lililoonekana. Basi, umbo peke yake lingalitudanganya mara mbili.

Hata wakubwa liliwadanganya. Miaka mingi wengi wao walisema mashimo ya mwezi ni vinywa vya milima ya moto, kwa kuwa yafanana navyo. Mwaka 1960 Eugene Shoemaker na wenzake walitangaza kwamba katika shimo kubwa la Arizona, Marekani, wameona mchanga uliogandamizwa kwa nguvu ambayo mlima wa moto hauna. Ni pigo la jiwe kubwa toka juu. Na mawe yaliyoletwa toka mwezini, mwaka 1969 hata 1972, yalionyesha alama za mapigo kama hayo.

Tena Mirihi. Chombo Mariner 9, mwaka 1971 na 1972, kilipiga picha za mabonde yaliyojipinda kama ya mito. Mwenye haraka angalitosheka, lakini hata mawe yaliyoyeyuka hujifanyia njia. Ikangojewa mpaka mwaka 2012, gari lisilo na mtu, Curiosity, lilipoona kokoto za mviringo zilizoshikamana. Nani katika sisi aliyevuka Kiwira asikanyage kokoto laini? Jiwe likivunjika lina ncha. Maji hulisugua kwa mawe mengine hata ncha ziishe. Na zile za Mirihi zilikuwa kubwa mno kuchukuliwa na upepo. Huyo ndiye shahidi wa pili.

Tulipokuwa tukimweleza ndugu yetu haya, tulikumbuka jambo la kijijini. Mkungu wa ndizi uliibwa, nyayo zikafanana na za jirani mmoja, nasi tulikubali mioyoni kwamba ni yeye. Baadaye mkungu ulionekana kwa mwingine. Watu wawili tu walikwenda kumwomba radhi, nasi hatukuwamo. Tulikwenda juzi.