Kununua Msimu, si Gunia

Mwezi Oktoba mwaka jana mpwa wangu alikuja Babati kutoka Nangwa, mkononi ana daftari. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, alilifungua mezani. Kaya 12 za kwao zilikuwa zimekubaliana kutafuta watu 30 wa mjini, kila mmoja atoe shilingi 150,000 kabla ya mvua. Fedha hiyo ingenunua mbegu na mbolea na kulipia trekta. Kuanzia Januari kila mwenye hisa angepata fungu la mboga kila baada ya wiki mbili, na baada ya mavuno mgawo wa mahindi, maharage na mbaazi. Mvua ikiwa njema, mgawo ungekuwa mkubwa. Mvua ikikataa, ungekuwa mdogo, na hakuna ambaye angerudishiwa fedha.

"Mjomba, nimekuandika wa kwanza," alisema.

Nikamwambia anifute kwanza, nitafakari.

Utaratibu huo si mgeni duniani. Huko Japani familia za mjini zilianza kushirikiana hivyo na wakulima katika miaka ya 1970, na nchini Marekani mashamba ya kwanza ya namna hiyo yalianza mwaka 1986. Kwa hiyo sikukwama kwa sababu ya ugeni wake. Nilikwama kwa sababu ulifanana na mambo mawili niliyoyaona nikikua palepale Nangwa.

La kwanza ni shamba la kijiji. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi hivi wakati wa Operesheni Vijiji, katikati ya miaka ya 1970. Kila kaya ilipangiwa siku za kulima shamba la wote. Baba alikwenda na jembe lake kama wengine, lakini nilitambua kwamba siku hizo alirudi mapema kuliko siku za shamba lake mwenyewe. Hakuwa mvivu. Shamba lilikuwa la kila mtu, na magugu nayo yakawa ya kila mtu. Mavuno yalipokuwa haba hakuna aliyeona haya, kwa sababu hakuna aliyeulizwa.

La pili ni kuuza mahindi yakiwa shambani. Mwaka mmoja, nikiwa sekondari, ghala letu lilikuwa tupu mwezi Machi na mahindi yalikuwa bado kutoa mbelewele. Baba alimwendea mfanyabiashara mmoja, akapewa fedha ya gunia moja kwa ahadi ya kulipa magunia matatu baada ya mavuno. Nilikuwepo magunia yale yalipopakiwa. Baba alisimama kando akiwasaidia kufunga kamba, wala hakulalamika. Alichoniambia ni kwamba, kama mahindi yangekauka, deni lingehamia mwaka uliofuata likiwa limeongezeka. Siwezi kumwita mnunuzi yule mwizi, maana fedha yake ilitulisha. Lakini tangu siku hiyo mtu akinitajia fedha inayotolewa kabla ya mavuno, nakumbuka kamba zile.

Je, mimi sasa nisingekuwa mfanyabiashara yule mwenye sura ya huruma?

Mke wangu alikuwa na pingamizi kali zaidi. "Kusaidia ni kusaidia, na kununua ni kununua," alisema. "Ukivichanganya, mavuno yakiwa mabaya utasema umedhulumiwa, na yakiwa mazuri utajisifu kwamba umesaidia." Nililala na maneno hayo siku kadhaa. Kwa hakika nilijiona ndani yake.

Nilichokuja kukiona ni hiki. Mimi ninayenunua debe la mahindi sokoni hulipia mahindi yaliyofaulu tu. Palizi ya mahindi yaliyokauka hailipwi na mtu yeyote isipokuwa yule aliyeyapalilia. Mwaka 2017 India ilipozuia mbaazi kuingia kwake kwa wingi, bei ikaporomoka nchini, na wakulima wa Hanang walioipanda kwa matumaini wakabaki na magunia. Sisi wa mjini hatukuona chochote isipokuwa kwamba mbaazi ni rahisi. Tarehe 3 Desemba 2023 tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang likaua watu zaidi ya 80 na kufunika makazi na mashamba, tulichanga blanketi na unga, na tulifanya vema. Lakini kwa ukame wa kawaida, usiotangazwa redioni, hakuna mchango. Mkulima huubeba peke yake, halafu mwaka unaofuata tunakutana naye sokoni na kumwomba apunguze bei.

Kwa hiyo fedha ya mapema kwa yenyewe si dhambi wala fadhila. Inahukumiwa na swali moja: ukame ukija, ni wa nani? Kwa mfanyabiashara yule, ukame ulikuwa wa baba. Kwa shamba la kijiji, ulikuwa wa wote, lakini na uzembe pia ulikuwa wa wote. Daftari la mpwa wangu lilikuwa na nafasi ya kutenganisha mambo haya mawili: mkulima aulizwe kuhusu palizi, asiulizwe kuhusu mvua.

Hata hivyo sitaki kujidanganya kwamba tumekuwa sawa. Mimi nina pensheni. Nikipoteza hisa yangu, nimepoteza thamani ya mbuzi. Mwenzangu akipoteza msimu, amepoteza mwaka.

Mwezi Novemba nilipanda basi la Katesh, nikaenda kuyaona mashamba yenyewe. Kila kaya ilikuwa na ekari zake zinazojulikana, na jina la mwenyewe liko daftarini. Mama mmoja mwenye hisa nne alinikaribisha chai, akanisikiliza nilivyouliza kuhusu mbegu na vipimo. Kisha naye akauliza lake. "Mwalimu, mvua ikikataa, tukikuona njiani tukusalimie, au tupite vichakani kama tunavyomkwepa tajiri mwenye deni lake?"

Nilikuwa nimekwenda kujua kama wao ni waaminifu. Sikuwa nimefikiri kwamba wao pia walikuwa na haki ya kujua hivyo kuhusu mimi.

Nilimwambia atanisalimia. Nikamwambia pia kwamba nitakuja wakati wa palizi, na nikikuta magugu nitasema. Alicheka, akasema hapo ndipo nilipozungumza kama mtu wa Nangwa. Nikatoa fedha ya hisa moja, si mbili kama mpwa wangu alivyotaka, kwa sababu hisa moja ndiyo ninayoweza kuikosa bila kumchukia mtu. Ndugu msomaji, ukiitwa katika jambo kama hili, nakushauri uanze na kipimo hicho.

Sasa ni Februari. Mboga zimekuja mara tatu, na mara moja kabichi zilikuwa na wadudu. Mvua imekatika wiki ya tatu leo. Jana jioni mke wangu alinikuta nimesimama uani nikitazama upande wa magharibi, kama baba alivyokuwa akisimama. Hakusema kitu. Alisimama nami kidogo, kisha akauliza kama mpwa wangu amepiga simu.