Moto, Pamba na Waya Uliolegea

Gari lililokufa kabisa halinipi taabu. Mwaka 2021, Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia baada ya kukosekana tangu 2002, Thierry Neuville aliingia siku ya mwisho hapa Naivasha akiongoza. Kule Loldia shoki ya nyuma ikavunjika, na ushindi ukaenda kwa Sébastien Ogier. Hakuna aliyehitaji kubishana kuhusu sababu. Chuma kimevunjika, kila mtu anakiona.

Linalonikosesha usingizi ni gari linalozima sekunde mbili, likawaka lenyewe, likaendelea na safari kama halikufanya kitu. Mimi ni fundi wa umeme wa magari, na gari la namna hiyo hunirudisha kwenye swali nililoanza kusikia madrasa: tukisema kitu hiki kimesababisha kile, tumeona nini hasa?

Wiki ya mbio mji huu hujaa Subaru. Kijana mmoja akaniletea Impreza yake yenye tabo, bomba kubwa la moshi, vali ya kupumulia hewa nje kwa ule mlio wanaoupenda, na kompyuta iliyopangwa upya. Ilikuwa inazima bila ratiba. Mafundi waliotangulia kila mmoja alikuwa na mshtakiwa wake. Wa kwanza alibadilisha plagi, gari likatulia, wakashukuru. Likarudia. Mwingine akabadilisha koili, mambo yakawa yale yale. Rafiki za kijana wakasema ni tabo, kwamba shinikizo likipita kiasi kompyuta hukata mafuta. Wengine wakailaumu vali, kwa kuwa inamwaga nje hewa ambayo kompyuta imekwisha kuipima. Yote mawili hutokea kweli. Ndiyo maana ni hatari kuyasadiki upesi.

Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki Tus mwaka 1111, alichukua pamba na moto. Pamba ikigusana na moto inaungua. Lakini jicho, alisema, linaona kuungua kukitokea pamoja na mguso. Halioni kwamba kumetokea kwa sababu ya mguso. Mtendaji kwake ni Mungu, na mazoea ndiyo yanayotufanya tuunganishe viwili hivyo. Baadaye Ibn Rushd wa Cordoba akamjibu kwamba anayefuta sababu anafuta akili yenyewe.

Vitabuni huenda Ibn Rushd ana nguvu zaidi. Gereji, namchukua al-Ghazali. Utulivu ulikuja pamoja na plagi mpya, haukuletwa nazo. Na wanaomsingizia kwamba alitufunga mikono hawakumsoma hadi mwisho: Mungu wake ana desturi anayoidumisha, nasi tumejaliwa kuijua. Kuitafuta desturi hiyo kwa bisibisi hakupunguzi imani ya mtu.

Basi nikafunga balbu ndogo kwenye waya unaopeleka umeme kwa pampu ya petroli, nikaivuta hadi juu ya dashibodi, tukatoka kuelekea Karagita. Gari likazima, na balbu ikazima. Kijana akapiga kelele, "Mzee, ni pampu!"

La. Kompyuta ya gari hilo ikikosa habari kwamba injini inazunguka, nayo huikatia pampu umeme. Huenda balbu ilizima kwa kuwa injini imekufa. Swali likawa kipi kilitangulia. Tukarudia, simu ikirekodi balbu na mshale wa mizunguko kwa pamoja. Balbu ilitangulia kuzima, kisha ndipo gari likashtuka. Na mshale haukuanguka sifuri ghafla, kama ambavyo ungeanguka iwapo sensa ya krenki, inayoipa kompyuta habari hizo, ingekufa. Uliteremka taratibu, ukifuata magurudumu yanayoendelea kuisukuma injini. Umeme wa pampu ulikuwa unakatika njiani.

Chini ya usukani nikakuta rilei ya king'ora cha zamani kwenye njia ya umeme huo wa pampu, waya zake zimesokotwa kwa mkono na kufunikwa tepu, bila kulehemiwa kwa risasi. Nikazitikisa, injini ikazima. Nikaziacha, nikaiwasha, ikanguruma. Nikarudia mpaka kijana akaniomba niache. Nikaunganisha upya kwa risasi, kisha nikatikisa tena kwa nguvu zaidi. Haikuzima.

Jirani yangu muuza spea, mlokole mwema, alisema hata utulivu wa zile plagi ulistahili ushuhuda kanisani. Sina ugomvi naye. Ushuhuda ni shukrani, na shukrani haidai uthibitisho. Ila fundi anayeandika ushuhuda mahali pa uchunguzi anamrudisha mtu barabarani na waya ule ule.

Kijana alikuwa na swali moja zaidi. Kwa nini gari lilizima siku moja barabara ya Mai Mahiu, akilipita lori, na bado yuko hai? Waya unaeleza kuzima, na lami mbovu inaeleza mtikisiko. Kuhusu kubaki kwake hai, nilimwambia hilo haliko kwenye waya, aende nalo mbele ya Mola wake, na asimtafute fundi wa kumjibu.

Nawe ukiambiwa gari lako limepona, usiulize limetulia tangu lini. Mwambie fundi alizimishe mbele yako, kisha alitengeneze, kisha ajaribu kulizimisha tena kwa njia ile ile. Asipoweza kulizimisha mara ya kwanza, mlipe jasho lake, na uendelee kutafuta.