Bima ya Motokaa na Haki ya Mtu wa Njiani



Tumeletewa suali na ndugu yetu mmoja, mtu wa Mombasa kwa asili, ambaye ana duka lake huko Chekalini, katika Lugari ya Kakamega. Asema kwamba kijana wake wa miaka 19 amepata leseni ya kuendesha motokaa, nao wamenunua gari kuukuu la kuchukulia bidhaa za duka kutoka Turbo na Eldoret. Alipokwenda kutafuta bima alitajiwa bei iliyomshitua, kwa sababu dereva ni mdogo na leseni yake ni mpya. Kisha akajiwa na watu wawili, kila mmoja na shauri lake. Wa kwanza alimwambia atampa cheti cha bima kwa nusu ya bei, asiulize kimetoka wapi, maadamu askari wa njiani akikiona ataridhika. Wa pili alimwambia aandike katika fomu kwamba mwenye kuendesha ni yeye baba, mtu mzima mwenye leseni ya miaka mingi, wala jina la kijana lisitajwe. Basi atuuliza: bima yenyewe ni halali? Na katika mashauri haya mawili, liko la kufuatwa?

Tutaanza na hilo la cheti, ijapokuwa si la kwanza katika suali, kwa kuwa ndilo lenye roho ya mtu ndani yake.

Wengi katika sisi wadhani kwamba cheti cha bima ni jambo baina ya mwenye gari na askari. Sivyo. Sheria ya Kenya iitwayo Sura ya 405 haikumlazimisha mtu kukata bima kwa ajili ya gari lake. Gari lako likiungua au likiibiwa, khasara ni yako na serikali haina shughuli nawe. Imekulazimisha kwa ajili ya mtu wa tatu: mama aliyebeba mzigo kando ya barabara, mtoto atokaye chuoni, mzee juu ya baiskeli yake. Mtu huyu hakufanya mkataba nawe, wala hakuulizwa kama yu radhi upite mbele yake na chombo cha chuma chenye uzito wa tani nzima. Na aijuaye barabara kuu itokayo Eldoret kwenda Webuye na Malaba, namna malori ya Uganda, boda boda na waendao kwa miguu wanavyogombania njia moja, hatahitaji kuelezwa zaidi.

Jambo hili si geni katika dini yetu. Aliyeua kwa kukosea, Qur'ani katika Suratun-Nisaa, aya ya 92, imempasisha mambo mawili: kafara, ambayo ni baina yake na Mola wake, na diya, ambayo ni ya jamaa za maiti. Wala Sharia haikumwacha aliyekosea peke yake na deni asiloliweza, bali ilimtwika akila, nao ni jamaa zake wa upande wa kiumeni, wailipe kwa muda wa miaka mitatu. Mtume s.a.w. alipofika Madina ukaandikwa ule mkataba wa watu wa mji, kila kabila lilithibitishiwa dhamana ya kulipa diya za watu wake. Sayyidna Omar akaweka daftari za askari, na Mahanafi wakashika kwamba walioandikwa katika daftari moja ni akila wa wenzao. Sisi Mashafi twasema akila ni jamaa, si watu wa daftari. Lakini kwa madhehebu zote makusudio ni yale yale, kwamba damu ya mtu isipotee bure kwa kuwa aliyeimwaga hana kitu.

Leo akila wa kijana huyu wako wapi? Ami mmoja yuko Kisauni, wa pili Lamu, wa tatu Maskati, na mchango utakaokusanywa kwa simu hautatosha hata malipo ya hospitali. Basi mwenye kununua cheti cha uwongo asidhani kwamba amemhadaa askari. Amechukua diya ya mtu asiyemjua, akaila kabla mtu huyo hajafa.

Ama shauri la pili, wengi waliona dogo, na wazazi wa hapa mjini kwetu walifanya bila ya haya. Mtume s.a.w. alipita sokoni akatia mkono katika chungu ya nafaka, akakuta rutuba chini yake, akamkemea muuzaji kwa kutoiweka ile mbichi juu watu wakaiona. Watu wa Lugari ni wakulima wa mahindi, hila hiyo hawahitaji kufasiriwa. Jina la baba juu na kijana chini yake ni gunia lile lile. Na khasara yake ni ya hapa hapa duniani pia. Kampuni ikigundua kwamba ilifichwa jambo kubwa, yaweza kwenda mahakamani kuukana mkataba. Na hata ikilazimishwa kumlipa aliyeumia, yaweza kukurudia wewe ikakudai ilichotoa. Utakuwa umelipia bima mwaka mzima na huna bima.

Vile vile atakayeandika kwamba gari ni la nyumbani kisha akabeba abiria kwa nauli, kama yafanyavyo magari mengi madogo katika njia za huko, ajue kwamba bima ya gari la nyumbani haikukusudia abiria wa kulipa. Na hili la ndugu yetu, maadamu ni la kuchukulia mali ya duka, na iandikwe hivyo hivyo. Iko bima ya gari la biashara lichukualo mali ya mwenyewe.

Sasa bima yenyewe. Wanavyuoni wameizungumza tangu zamani. Ibn Abidin wa Damaski, aliyefariki mwaka 1836, aliulizwa juu ya bima ya merikebu za wafanya biashara, nayo ikiitwa sukara, akasema si halali kwa mfanya biashara kuchukua badali ya mali iliyopotea. Mwaka 1961, katika mkutano uliofanywa huko huko Damaski, Sheikh Mustafa al-Zarqa aliitetea bima akaona yajuzu, na hoja zake si za kudharauliwa. Lakini Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ilipokutana Jidda mwezi wa Desemba 1985 iliamua kwamba bima ya biashara, ambayo mtu hununua dhamana kwa malipo maalumu, ina gharari kubwa inayouharibu mkataba, na badala yake ni bima ya kusaidiana. Sisi twafuata kauli hii. Hata hivyo, pale serikali inapolazimisha na njia nyingine haipatikani, wanavyuoni wengi wameruhusu kile kiasi kinacholazimishwa, yaani bima ya mtu wa tatu, ile waiitayo thadi pati, bila ya kuzidisha.

Bima ya kusaidiana, au takafuli, asili yake yafanana na mwendo wa Al-Ash'ari, ambao Mtume s.a.w. aliwasifu kwa kuwa chakula kilipowapungukia walikikusanya katika nguo moja wakagawana sawa sawa. Kila mtu hutoa mchango wake kwa nia ya tabarui, mfuko ni wa wachangaji, na kampuni ni wakili tu apataye ujira wake. Mfuko ukipungukiwa kampuni huukopesha bila ya riba, na ukizidi, ziada ni ya wachangaji. Kampuni ya kwanza ya namna hii ilianzishwa Sudan mwaka 1979, na hapa Kenya ya kwanza, Takaful Insurance of Africa, ilipata leseni mwaka 2011. Ndugu yetu na aanzie huko.

Juu ya bei, kijana kutozwa zaidi si dhuluma, maana dereva mpya hukosea zaidi, nasi sote twalijua hilo tukiwaona wanavyokata kona. (Wale walionunua leseni pasipo kujifunza, hao hatuwasemei leo.) Lakini ziko njia za haki za kuipunguza. Gari kuukuu halihitaji bima kubwa ya kulinda gari lenyewe. Na hata akiitaka, asome masharti, kwani kwa dereva mdogo makampuni humwachia mwenye gari sehemu kubwa zaidi ya khasara ajilipie mwenyewe. Aulize bei kwa makampuni matatu au manne. Zipo pia za kulipa mwezi kwa mwezi, ila siku moja ya kusahau ni siku ya kuendesha bila ya bima. Akimaliza mwaka bila ya kudai chochote, adai punguzo lake.

Urakhisi uliopita kiasi una khatari yake. United Insurance mwaka 2005 na Blue Shield mwaka 2011 ziliwekwa chini ya msimamizi wa serikali, nazo zilikuwa kampuni zenye leseni. Basi aangalie kwanza kama kampuni na wakala wamo katika orodha ya mwaka huu ya Mamlaka ya Kusimamia Bima, IRA, alipe kwa kampuni yenyewe, si kwa simu ya mtu, na namba ya gari aihakikishe katika mfumo wa vyeti wa chama cha makampuni ya bima. Na ajue kwamba kwa sheria ile ya 405 kampuni hailazimiki kumlipia mtu mmoja zaidi ya shilingi 3,000,000. Mahakama ikihukumu zaidi, kilichozidi ni juu ya mwenye gari.

Na ikiwa baada ya yote haya bei bado yamshinda, gari lisimame uani mpaka fedha zipatikane, na bidhaa zije kwa matatu kama zilivyokuwa zikija.

Wallahu aalam.